Huruma Imetuzidi

Muulize Mpemba yeyote kama anabagua watu. Atakuapia kwamba hajui hata ubaguzi unaanzia wapi, na hatakuwa anakudanganya kwa kukusudia. Hapa Chake Chake milango ya nyumba iko wazi mchana kutwa, kahawa ya barazani hunywewa na kila apitaye, na maiti ya mtu asiye na jamaa huzikwa na mtaa mzima. Aliyelelewa hivyo hana sababu ya kujiona mbaguzi. Ndiyo maana kazi ya vijana wanaopigania watu wasibaguliwe kisiwani kwetu ina ugumu wake wa pekee: hawana adui wa kumnyooshea kidole. Wana majirani wema, wanaoswali na kutoa sadaka, wenye huruma tele.

Nimekuwa ndani ya kundi moja la vijana hao kwa muda wa kutosha kujua kwamba huruma hiyo ndiyo inayotutesa. Chuki ungeishitaki. Huruma utaishitaki wapi?

Kundi letu halina jina wala katiba, kwa sababu kila tukikaa kuandika katiba tunagombana kwenye kifungu cha kwanza. Wamo viziwi, wamo wasioona, wamo wanaotumia kiti mwendo, yumo binti mwenye ualbino anayesomea ualimu. Na wamo watu kama mimi, fundi simu, ambaye sina ulemavu unaojulikana, ingawa mama yangu ana rai yake juu ya hilo. Niliingizwa na mdogo wangu wa kike. Yeye ni kiziwi tangu utotoni, baada ya homa ya uti wa mgongo. Ni fundi cherehani hodari, na alichoka kuitwa mikutanoni akakalishwa safu ya mbele, akaangalia midomo ya watu ikicheza mpaka saa ya chai. Basi akanichukua mimi kama mtu anavyochukua mwavuli: kifaa cha safari. Lugha ya alama niliyokuwa nayo ni ile ya nyumbani tu, ya njoo ule na mama anakuita. Ya kweli nimejifunza kwao, na mpaka leo wanavicheka vidole vyangu.

Nianze na mwenzetu mmoja ambaye ni mwalimu. Haoni. Anasomesha skuli ya msingi, ana mshahara, ana mke na watoto, na kwa kusoma nukta nundu, maandishi ya kugusa kwa vidole, anawashinda wengi wetu tunaosoma kwa macho. Ijumaa moja alisimama nje ya msikiti na fimbo yake nyeupe, akimsubiri mwanawe amtafutie viatu, mara akahisi kitu baridi kiganjani. Shilingi mia tano. Aliyempa alikwishapita, na bila shaka alikwenda zake moyo mkunjufu. Mwalimu huisimulia habari hiyo kwa kucheka, halafu huongeza la pili ambalo halichekeshi. Mwaka mmoja wazazi walikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba watoto wao wahamishwe darasa, kwa kuwa mwalimu waliyepangiwa ni kipofu. Walizungumza kwa upole sana. Walisema wanamwonea imani, kazi itamchosha. Sadaka anapewa bila ya kuomba. Darasa hapewi mpaka apigane.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mdogo wangu anachokikasirikia. Kwenye sadaka kuna mkono wa juu na mkono wa chini, na mikono hiyo haibadilishani zamu. Ukishazoea kumpa mtu, unashindwa kumfikiria akiwa ndiye anayekupa wewe: anayekusomeshea mwanao, anayekuamua kwenye ugomvi, anayekuozesha binti yake, anayekukatalia. Tunampenda mtu ilimradi abaki pale tulipomweka.

Na tunamweka kwa maneno pia. Hapa kwetu mtu mwenye jicho moja ataitwa kwa jicho hilo mpaka kaburini, na anayechechemea atapewa jina la mguu wake, na atakayelalamika ataambiwa hajui utani. Mtu aliyewahi kutibiwa ugonjwa wa akili, hata kama ni miaka ishirini iliyopita, akikosea jambo dogo tu kwenye kikao atasikia kicheko na jina la Kidongo Chekundu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja. Mtu wa kisiwa cha Kojani akifika mjini huchekwa kwa lafudhi, wa Tumbatu vilevile, na sisi Wapemba tukifika Unguja twapokelewa kwa vichekesho vyetu maalumu. Sisemi utani wote ufe. Maisha ya visiwani bila utani hayaliki. Nasema angalia tu ni nani anayetaniwa na ni nani ambaye hathubutu mtu kumtania.

Sheria zipo, tena nzuri. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinawafanya watu wote kuwa sawa mbele ya sheria na kinakataza ubaguzi. Mwaka 2006 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu, mwaka uleule Umoja wa Mataifa ulipopitisha mkataba wake. Tanzania iliuridhia mkataba huo 2009, na Zanzibar ikatunga sheria mpya 2022. Lakini sheria nayo ni ya kuangaliwa usoni, maana kuna wakati ubaguzi wenyewe ulikuwa ndio sheria. Mwaka 1985 Zanzibar ilikuwa na sheria ya kumfunga jela mwanamke asiye na mume akipata mimba. Mwanamume aliyempa mimba hiyo ilibidi kwanza athibitishwe, na kuthibitisha ni shughuli. Sheria hiyo ilikaa hadi 2005, jela ikaondolewa, ikawekwa adhabu ya kufanya kazi za jamii. Watu waliozaliwa wakati huo hawajafika hata umri wa uzee, wapo mtaani, na mama zao wapo.

Mwaka huohuo wa 1985 ndipo ulipoanzishwa Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ. Zilikuwa zama ambazo mtoto mwenye ulemavu aliweza kufichwa chumba cha uani mpaka akaota ndevu, na jirani wa ukuta mmoja asijue. Baadaye zikaja jumuiya za wasioona, za viziwi, ya watu wenye ulemavu wa akili, na JUWAUZA ya wanawake wenye ulemavu, maana mwanamke ana mambo yake ambayo kikao cha wanaume hakiyafikii. Kwa hiyo vijana wa leo hawakuanza sifuri. Wanachotofautiana na wazee wao ni mahali pa kufanyia kazi. Wazee walipeleka hoja kwa mawaziri na wawakilishi, na walikuwa sawa, kwani bila ya wao tusingekuwa na karatasi ya kushika. Vijana wanaipeleka karatasi hiyo barazani, uwanjani, kwenye gari za abiria na msikitini, ambako hakuna waziri.

Katika kuzungumza na watu wazima tuligundua kwamba historia inafungua masikio haraka kuliko sheria. Wazee wetu wanakumbuka au walihadithiwa zama za Mwingereza, wakati Mji Mkongwe na Ng'ambo vilipotengwa na mkono wa bahari pale Darajani, na mtu aliandikwa daftarini kwa asili yake, na skuli zikawa za watu na watu. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo kwa wote. Siku hiyo huadhimishwa mpaka leo, na sherehe zake zimewahi kufanyika hapa kwetu uwanja wa Gombani. Ni jambo kubwa, na sitaki kulipunguza. Ila wote waliokusudiwa 1964 walikuwa wale wanaouona ubao na kumsikia mwalimu. Elimu mjumuisho, ya kuwasomesha wenye ulemavu pamoja na wenzao, imeingia miaka ya 2000, kwa skuli chache za majaribio kwanza. Mdogo wangu alipata nafasi yake hapo, kwenye darasa lililojaa hadi dirishani, mbele ya mwalimu mwenye moyo mzuri asiyejua alama hata ya maji. Alijifunza kusoma kwa kunakili daftari la mwenzake. Ukimsifu kwa hilo anakasirika.

Kazi yetu ya kwanza iliyoonekana na watu ilikuwa ni ngazi.

Katibu wetu wa wakati huo anatumia kiti mwendo, na ana sauti nzito ya redioni ambayo ingeweza kuuza barafu ncha ya kaskazini. Tulizunguka mji tukiwa na yeye, simu na futi ya kupimia, tukaingia au kushindwa kuingia kwenye kila jengo ambalo mwananchi ana haki ya kuingia. Kwenye ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, mtumishi mtu mzima alituona tumekwama chini ya ngazi akatoka mbio kwa tabasamu. "Wewe tulia papo hapo, mwanangu, usijisumbue. Mie nitakuletea fomu hapa hapa."

"Fomu gani, mzee?"

"Si ya msaada?"

"La, mzee. Nimekuja kuomba ile kazi mliyoitangaza."

Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Alimsikitikia kweli, akamwambia kazi yenyewe iko ghorofani. Katibu akamjibu kwamba hilo ndilo hasa alilolijia. Picha za siku ile zilisambaa kwenye makundi ya simu, na wiki zilizofuata tukapata simu za wenye maduka wawili watatu na skuli moja, wanataka tuwaonyeshe njia ya mteremko inajengwaje. Hapo ikabidi tujifunze wenyewe. Kanuni ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iende sentimita kumi na mbili. Mafundi wengi hawalijui hilo, na mji una njia kadhaa za walemavu zilizojengwa kwa nia njema na mwinuko wa kutisha, ambazo mtu akipanda peke yake ataporomoka kinyumenyume hadi barabarani. Zimepigwa picha za ufunguzi, zimepakwa rangi, hakuna anayezitumia.

Aliyetufundisha kuchanganya zege alikuwa kijana aliyetoka kwenye nyumba ya kupata nafuu, zile nyumba za waliokuwa wakitumia dawa za kulevya ambazo Zanzibar imekuwa nazo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Fundi safi, mpole, hana makuu. Alipoomba kujiunga rasmi, kundi liligawanyika vipande. Na waliompinga zaidi si watu kama mimi. Walikuwa wale wale ambao wao wenyewe wamekataliwa kila mahali. Mmoja alisema tutaharibiwa jina. Mwingine akasema, tena kwa alama kali zisizohitaji mkalimani, kwamba simu zetu zitakwisha. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwao, na tuligombana njia nzima mpaka nyumbani. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye hakuchagua kuwa kiziwi. Nikamwambia kwa hiyo asiyebaguliwa ni yule mwenye sababu nzuri tu? Hakunijibu. Alifumba macho, na kiziwi akifumba macho mazungumzo yamekwisha.

Kijana yule alikubaliwa kwa kura chache. Akatujengea njia ya skuli ile, ambayo ndiyo bora kuliko zote tulizojenga. Lakini funguo za stoo ya vifaa hakupewa hata siku moja. Kila asubuhi ilibidi amsubiri mtu aje kumfungulia. Hakusema kitu. Siku moja tukasikia yuko Unguja, amepata kazi Fumba kwenye majumba mapya. Sijui kama aliondoka kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya funguo.

Barazani tulikuwa na silaha nyingine, na hiyo ilitoka Kenya. Wapemba wengi wana jamaa Kilifi na Kwale, watoto na wajukuu wa wavuvi waliovuka bahari miongo mingi iliyopita wakabaki huko. Watu hao waliishi Kenya vizazi na vizazi bila ya uraia. Wamezaliwa huko, wamezikana huko, na hawana kitambulisho. Na asiye na kitambulisho hapati laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti benki, na leseni ya uvuvi haioni, ilhali uvuvi ndio kazi anayoijua. Wamakonde wa Kwale waliokuwa na shida hiyohiyo walifunga safari hadi Nairobi mwaka 2016 kudai haki yao. Wapemba walitambuliwa kuwa moja ya jamii za Kenya Januari 2023, na Julai ya mwaka huo wakaanza kukabidhiwa hati zao Kilifi.

Ukiisimulia habari hii kwa wazee wa Wete au Micheweni, utaona mikono inavyopanda kichwani. "Yakhe, miaka yote hiyo! Na watu wamewazoea, wanaoana nao!" Ndiyo, mzee, na waliambiwa kila siku kwamba hakuna anayewabagua. Walialikwa harusini, wakapewa pilau. Kilichokosekana ni ile karatasi ndogo ya kumfanya mtu ahesabike. Ukishafika hapo huna haja ya kusema sana. Mzee mmoja wa Konde alinyamaza kidogo, akauliza kama na yule bwana kiziwi wa kijijini kwake ana kitambulisho. Ikaonekana kwamba hana, kwa sababu kila alipokwenda kujiandikisha hakuna aliyefahamu anachotaka, akarudishwa kwa heshima zote na kupewa nauli.

Lakini jambo lililotuchukua nguvu kuliko yote, na ambalo nalipenda kuliko yote, ni khutba.

Wanaume viziwi wa mtaani kwetu huswali Ijumaa tangu wabaleghe. Wanakwenda mapema, wanakaa, imamu anapanda mimbari, na kwa nusu saa wanamtazama mtu anayetikisa kidole. Miaka thelathini mtu anahudhuria khutba na hajui hata moja ilihusu nini. Aliyelileta jambo hili ni seremala mmoja kiziwi, kwa swali jepesi: je, ninyi huambiwa nini mle? Nikajaribu kukumbuka khutba ya wiki iliyopita, nikaona hata mimi nayeisikia nimebaki na maneno mawili.

Tukamwendea imamu. Ni mtu wa elimu, na alitupokea vizuri, kisha akatuwekea pingamizi ambalo hatukulitegemea. Wakati wa khutba hakuna kuzungumza. Hata anayemwambia mwenzake nyamaza amekwisha kufanya upuuzi. Hadithi hiyo kila mtoto wa chuoni anaijua. Sasa huyo mkalimani atakayepunga mikono khutba nzima, anazungumza au hazungumzi? Na yeye mwenyewe atasikiliza saa ngapi? Tulitoka pale tumenywea. Wengine wakasema basi, tusishindane na dini. Mwalimu wetu asiyeona akasema hatushindani na dini, tumeulizwa suala la fikihi, la sheria ya dini, na suala hujibiwa kwa elimu.

Yeye ndiye aliyerudi kwa imamu, na akaenda na Sura Abasa. Habari yake inajulikana na kila Mwislamu wa Pemba: Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alimjia Mtume kutaka kufundishwa wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Kikureshi, na Mtume akakunja uso, na Mwenyezi Mungu akamteremshia aya za kumzindua kuhusu kipofu yule. Sisi huisoma kama kisa cha upole. Mwalimu aliisoma kwa namna nyingine. Alimwambia imamu: sheikh wangu, Ibn Ummi Maktum hakuja kuomba sadaka, alikuja kutaka elimu. Na baadaye alipewa kazi. Alikuwa muadhini, na Mtume akisafiri alimwacha Madina kuwa naibu wake. Kipofu, na mji mzima nyuma yake.

Imamu alitaka muda. Aliwauliza wenzake, wakaulizana na wengine, na nasikia palikuwa na majadiliano marefu baina ya masheikh kuhusu kama ishara ni kalamu au ni ulimi. Walichokubaliana ni hiki. Mkalimani atakaa, hatasimama, upande wa kulia karibu na nguzo, wanaomtazama wakae mbele yake peke yao ili wasiwashughulishe wengine. Kazi yake itahesabiwa ni sehemu ya kufikisha khutba. Na imamu mwenyewe, ambaye zamani alikuwa akihutubu kwa kichwa, atampa mkalimani muhtasari usiku wa Alhamisi ili ajitayarishe.

Huo muhtasari ndio uliotoa kazi. Utafasirije riya, kutenda jema ili uonekane, kwa mikono? Ikhlasi, nia safi, je? Kijana anayefasiri, ambaye amesomea na si wa kubahatisha kama mimi, alikuwa akikaa na viziwi wenyewe baada ya Isha wakitafuta alama inayofaa, wakibishana, wakicheka. Riya waliikubali kuwa mtu anayetoa sadaka huku shingo imegeuka kutazama nani anamwona. Imamu alipoonyeshwa alicheka mpaka kofia ikamtoka, na nasikia siku hizi akihutubu naye hugeuza shingo.

Baada ya Ijumaa ya kwanza tulimzunguka seremala nje kutaka kujua amepata nini. Alitafakari, akasema kwa mikono: "Kumbe huwa anatugombeza hivi kila wiki?"

Sitaki mtu aondoke na picha kwamba mambo yamekamilika. Wanawake viziwi wako nyuma ya pazia, na mkalimani aliye kwenye nguzo hawamuoni. Mdogo wangu alinikumbusha hilo jioni ileile, wakati mimi nimerudi nyumbani nimevimba kifua. Tumefikiria kumrusha mkalimani kwenye simu hadi upande wao, na kuna wanaoona simu msikitini ni mlango wa fitina, na kuna wasio na simu ya kutosha. Suala liko kwa imamu. Alhamisi hii nitamuuliza tena.

Kwa mwanamke kiziwi khutba si hata shida ya kwanza. Mdogo wangu alipokuwa akiumwa, alikwenda kituo cha afya na mama. Daktari alimuuliza mama, mama akajibu, daktari akaandika, na mgonjwa akakaa baina yao akizungushwa kichwa. Kulikuwa na maswali ambayo msichana mkubwa hapendi kuyajibu kupitia mama yake, na majibu mengine mama hakuwa nayo, akayatunga. Alipewa dawa za mama. Sasa vuta jambo hilo ulipeleke mahakamani. Tangu 2021 Zanzibar ina mahakama maalumu za makosa ya udhalilishaji wa kijinsia, na wanaodhalilishwa sana ni wale ambao mhalifu anajua hawataweza kusema. Msichana kiziwi ambaye hakusomeshwa alama rasmi ana alama za nyumbani tu, na anayezijua ni ndugu. Ndugu huyo mara nyingine ndiye anayeshitakiwa, au ni kaka yake mshitakiwa, au ni mama anayeogopa nyumba kuvunjika. Kampeni ya fulana na mabango haifiki hapo. Kinachofika ni watu wengi zaidi kuijua lugha ya alama: polisi, wauguzi, masheha wanaoongoza mitaa, na wasichana wenyewe tangu wadogo. Ndiyo maana jioni tunafundisha, bure, kwenye karakana ya seremala, na muuguzi mmoja huja baada ya zamu akiwa bado na sare.

Juu ya fulana na mabango, nina maneno machache na hayatawafurahisha baadhi ya rafiki zangu. Tuna Siku ya Vijana tarehe 12 Agosti, Siku ya Fimbo Nyeupe 15 Oktoba, Siku ya Watu Wenye Ulemavu 3 Disemba, na kila moja ina maandamano, mgeni rasmi, risala na posho. Nimewahi kuona jukwaa la siku ya watu wenye ulemavu lenye ngazi. Mtoa risala alibebwa na vijana wanne, watu wakapiga makofi.

Sasa habari ya katibu wetu, yule wa sauti ya redioni. Alikuwa ndiye uso wa kundi. Wageni wakija humtaka yeye, redio ya jamii ya Micheweni humtaka yeye. Kasoro yake ni kwamba haandiki. Ripoti za vikao hazipo, barua hazijibiwi, na saruji ya skuli ilichelewa kwa sababu barua ya kuiomba ilibaki mfukoni mwake. Sisi tusio na ulemavu tulilijua hilo siku nyingi, na hakuna aliyethubutu kulisema. Tukizungumza pembeni tulisema, mwacheni tu, maskini, ana mitihani yake.

Aliyelifumua ni binti yule mwenye ualbino, kwenye kikao, mbele ya kila mtu. Akasema katibu ni mvivu na anapendekeza achaguliwe mwingine. Ukimya ukatanda. Mmoja wetu akaanza kumtetea, kwamba tumfikirie hali yake. Katibu akageuza kiti chake, akamtazama. "Hali yangu ipi? Kama mnataka kunitoa, nitoeni kwa kura. Huyo anayenihurumia nitamkumbuka kuliko anayenipinga."

Tukapiga kura. Viziwi walinyoosha mikono, wasioona wakasema kwa sauti, na alishindwa vibaya. Mdogo wangu ndiye katibu mpya, na ripoti zake ni ndefu mno.

Katibu wa zamani hakukubali kushindwa kwa utulivu. Alisusa, akatusema vibaya redioni bila ya kututaja, kisha akahamia Wete na kuanzisha kundi lake, ambalo lina jina, katiba na muhuri. Mwaka huu sote tuliuomba ukumbi mmoja kwa tarehe 3 Disemba, akatushinda, kwa sababu safari hii barua aliiandika. Tumeletewa mwaliko rasmi kama wageni, na chini yake ameandika kwa mkono wake kwamba posho hakuna.